Mwanao amegeuza chumba kuwa studio? Muulize itaisha lini

Usiku mmoja wa Novemba mwaka juzi niliamka kutafuta blanketi. Wanaoijua Kasulu wanajua baridi yake mvua zikishaanza. La ziada halikuwepo kabatini, na la wageni nalo halikuwepo. Nikaenda kugonga chumbani kwa kijana wangu. Kimya. Nikasukuma mlango.

Mablanketi yangu manne yalikuwa yamepigiliwa misumari ukutani. Godoro lilikuwa limesimamishwa dirishani. Katikati ya chumba alikaa mwanangu, mtu mzima wa miaka 25, mwalimu wa hisabati, amejifunika shuka kichwani, anaimba mbele ya kitu kilichovishwa soksi.

"Mama, nisubiri kidogo," akaninong'oneza. "Mvua ndiyo kwanza imekatika."

Nyumba yetu ni ya bati, haina dari vyumba vya nyuma. Mvua ikinyesha, hata mazungumzo ya mezani yanakuwa ya kupigiana kelele, sembuse kurekodi sauti. Kwa hiyo alikuwa anavizia mvua ikatike, majirani walale na jogoo wasianze. Muda uliobaki ulikuwa kama saa mbili kila usiku. Na asubuhi saa moja na nusu alitakiwa awe darasani.

Ndivyo nilivyojua kwamba nyumbani kwangu kuna studio.

Ugomvi wa baba na mwana

Baba yake alipopata habari hakucheka. Kompyuta mpakato ile, ingawa ni ya mtumba, ilikuwa imemgharimu kijana shilingi 650,000. Maikrofoni na hedifoni zilikuwa juu ya hapo. Hizo zilikuwa fedha tulizokubaliana kama familia kwamba atachangia ada ya chuo ya mdogo wake wa kike. Mkuu wake wa kazi alikuwa tayari amemwonya mara mbili kwa kuchelewa, na mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja tu.

"Hiyo kelele itakulipa nini?" baba yake akamuuliza.

Kijana hakuwa na jibu. Alisema tu kwamba hataki kuacha kazi, hataki kwenda Dar es Salaam, hataki kuwa staa. Anataka kutengeneza albamu moja na rafiki yake aliyeko Kibondo. Hilo ndilo lililomchanganya baba yake zaidi. Angesema anataka kuwa tajiri, angalau tungejua pa kuanzia kumpinga.

Mzazi mwenzangu wa Kigoma, nadhani hofu hii unaijua. Mkoa wetu umetoa au kuwa asili ya wanamuziki wakubwa, na kila mtoto anayeimba bafuni analitaja jina la Diamond Platnumz au Ali Kiba. Tunaogopa mtoto akishindwa, na tunaogopa vilevile akipata wimbo mmoja unaopendwa, apande basi na asirudi. Kati ya hofu hizo mbili hatukuwahi kufikiri kama kuna njia ya tatu: kijana kufanya kitu pembeni ya kazi yake, akimalize, kisha aendelee na maisha.

Flashi iliyopanda basi

Mwenzake anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi ya Kibondo. Yeye ndiye mtu wa midundo, anatengeneza biti kwenye kompyuta yake. Mwanangu anatunga maneno na kuimba, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kiha. Muziki wenyewe si Bongo Fleva ya kuchezeka, si kwaya, si singeli. Ni nyimbo za polepole, za kinanda cha kompyuta na sauti zilizopangwa juu ya sauti. Vijana wanaita pop mbadala. Baba yake aliita muziki wa kulalia.

Hawakuwa na fedha za kukutana kila wiki. Biti zilitoka Kibondo kwa simu, na bando lilipoisha, flashi ilifungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kwa konda. Mwanangu aliipokea stendi ya Kasulu, akaingiza sauti, akairudisha kwa basi la kesho yake. Mfuko wa nailoni ulikuwa wa lazima, na jina la mpokeaji liliandikwa kwa kalamu isiyofutika.

Siku ya tatu ya ugomvi, kijana alinijia jikoni akanisomea kwenye simu habari za watu wawili wa Marekani waliofanya jambo hilohilo. Nilisikiliza kwa sababu nilikuwa nachambua maharage na sikuwa na pa kukimbilia. Baadaye nilizitafuta mwenyewe nikazisoma tena, maana nilitaka kujua iliishaje.

Los Angeles hadi Seattle kwa posta

Mmoja ni Jimmy Tamborello, mtengenezaji wa midundo ya kompyuta wa Los Angeles, anayejulikana pia kwa jina la Dntel. Mwingine ni Ben Gibbard, mwimbaji wa bendi ya Death Cab for Cutie ya jimbo la Washington, kaskazini kabisa mwa pwani hiyohiyo. Walishirikiana kwanza katika wimbo mmoja wa albamu ya Dntel iliyotoka mwaka 2001. Ulipendwa, wakaamua kufanya nyimbo nyingine pamoja.

Kila mmoja alikuwa na shughuli yake kuu. Gibbard alikuwa na bendi, safari na albamu za kurekodi. Tamborello alikuwa na miradi yake. Kwa hiyo Tamborello alitengeneza midundo nyumbani kwake, akaiweka kwenye diski, akaituma kwa posta. Gibbard alipokea, akapanga upya vipande, akaongeza gitaa na sauti, akairudisha. Jenny Lewis, mwimbaji wa bendi nyingine iitwayo Rilo Kiley, akaingiza sauti ya kike. Chris Walla, mpiga gitaa wa bendi ya Gibbard mwenyewe, naye alisaidia. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika majumbani, si kwenye studio za kukodi kwa saa.

Kwa sababu nyimbo zilisafiri kwa posta, wakajiita The Postal Service. Albamu ilitoka Februari 2003 kupitia kampuni ya Sub Pop ya Seattle, ikiwa na nyimbo 10. Waliiita Give Up, yaani "kata tamaa". Nilipomweleza baba yake jina hilo, akasema angalau hao wanajua wanachofanya.

Hakuna aliyeitarajia makubwa. Iliuzwa kidogo kidogo, mtu akimwambia mwenzake, mwaka baada ya mwaka. Kufikia 2012 ilikuwa imethibitishwa kuvuka nakala milioni moja Marekani. Katika historia ya Sub Pop, albamu iliyouzwa zaidi yake ni Bleach ya Nirvana.

Lakini kilichonigusa mimi kama mzazi si hiyo milioni. Ni kilichotokea kwenye kazi zao kuu. Mwaka huohuo wa 2003, Oktoba, bendi ya Gibbard ilitoa albamu yake Transatlanticism, moja ya zile zinazoheshimika zaidi kati ya kazi zake. Hakuiacha bendi kwa ajili ya mradi wa pembeni, wala hakuuacha mradi ukiwa nusu kwa ajili ya bendi. Alimaliza, akarudi kazini.

Na albamu ya pili? Walijaribu, haikukamilika. Kila mmoja alibanwa na mambo yake. Mwaka 2013 walikutana kuadhimisha miaka 10, wakaongeza nyimbo mbili mpya kwenye toleo la kumbukumbu na kufanya ziara. Mwaka 2023 walifanya ziara nyingine, miaka 20 tangu itoke, Gibbard akipiga albamu zote mbili za 2003 usiku mmoja. Ile ya chumbani imebaki moja tu hadi leo.

Barua kutoka Posta

Kuna sehemu ya habari hii ambayo kila kijana mwenye kikundi anapaswa kuisikia. Mwaka 2003, albamu ikiwa imeshatoka, Shirika la Posta la Marekani liliwaandikia barua kwamba jina hilo ni alama yake ya biashara. Mambo yangeweza kuishia mahakamani. Badala yake walikubaliana: kikundi kikaruhusiwa kutumia jina, nacho kikasaidia kuutangaza utumaji wa barua, na mwaka 2004 kikatumbuiza kwenye mkutano wa wakuu wa shirika hilo.

Wao walikuwa na kampuni nyuma yao. Kijana wa Kasulu au Kibondo akipata barua kama hiyo atakuja kwako, mzazi, na wewe ndiye utakayetafuta wa kumwelekeza. Kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema: hilo jina ni la nani?

Kwetu hili si geni

Baba yake alisema hayo ni mambo ya Wamarekani. Nikamkumbusha mwaka 2012. Wasanii wenye asili ya Kigoma, kila mmoja na kazi yake na mashabiki wake, waliungana kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo uliopewa jina la Kiha, Leka Dutigite. Diamond Platnumz alikuwemo, Ali Kiba alikuwemo, Mwasiti alikuwemo, Linex alikuwemo. Walifanya, wakaachana, kila mtu akaendelea na njia yake. Mpaka leo wimbo huo ukipigwa harusini hapa kwetu, wazee wanasimama.

Baba yake alinyamaza. Huo wimbo yeye mwenyewe anaucheza.

Na tusisahau kwamba chumba cha aina hiyo hakikuwezekana kirahisi hapa kwetu miaka michache iliyopita. Kabla ya Kasulu na Kibondo kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, umeme wetu ulitegemea majenereta ya dizeli. Kijana wa miaka 10 iliyopita mwenye kipaji kama cha mwanangu angelazimika kwenda Kigoma mjini au Mwanza na kulipia studio kwa wimbo. Huyu wa sasa anaihitaji kompyuta, maikrofoni, hedifoni, mablanketi ya mama na usiku usio na mvua.

Tulichokubaliana

Tulikaa wote wanne sebuleni, pamoja na mdogo wake, kwa sababu ada ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyebadilisha swali. Badala ya "itakulipa nini," nikauliza, "itaisha lini?"

Kwanza alikasirika, akidhani namwambia aache. Nikamweleza kwamba kazi ya pembeni isiyo na mwisho inakula kazi kuu, lakini yenye mwisho inaweza kukaa nayo chumba kimoja. Wale wa posta walikuwa na nyimbo 10 na wakazimaliza. Je, zenu ni ngapi? Wakapigiana simu na mwenzake hapohapo. Wakasema nane, mwisho likizo ya Juni.

Makubaliano mengine nayaandika hapa kwa sababu wazazi kadhaa wameniuliza.

Fedha. Deni la ada lililipwa kwa shilingi 50,000 kila mwezi hadi likaisha, na hakununua kifaa kingine kabla ya hapo. Ukweli ni kwamba kifaa kipya hakikuhitajika. Blanketi nene na godoro vinazuia mwangwi vizuri, na soksi juu ya maikrofoni inapunguza upepo wa mdomo kwenye herufi kama "p" na "b". Mtoto akikwambia hawezi kuanza bila vifaa vya milioni tatu, mwambie aanze na wimbo mmoja kwanza.

Usingizi. Usiku wa kuamkia siku ya kazi, kompyuta inazimwa saa nne. Kurekodi ni Ijumaa na Jumamosi. Mkuu wake wa kazi hakumwonya tena.

Masikio. Anayefanya kazi na hedifoni anaongeza sauti bila kujijua kadiri anavyochoka. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa, na kuyapumzisha masikio mara kwa mara. Hili ni kwa watoto wote nyumbani, hata wasioimba.

Maandishi. Yeye na mwenzake waliandika karatasi moja: nani katunga maneno, nani katengeneza biti, kikipatikana chochote kinagawanywaje, na mmoja akitaka kuondoka inakuwaje. Walicheka wakiiandika, maana hakukuwa na hata shilingi ya kugawana. Huo ndio wakati mzuri wa kuandika. Fedha ikishafika, watu hawacheki tena.

Haki. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, linasajili wasanii. COSOTA ndiyo ofisi ya hakimiliki na inasajili kazi zenyewe. Alama za biashara na majina ya biashara Tanzania Bara yanasajiliwa BRELA. Sheria yetu ya hakimiliki, ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi, lakini usajili unampa ushahidi siku ya ugomvi. Kabla kijana hajapachika wimbo popote, aulize kwanza huko.

Jina. Mwanangu na mwenzake walikuwa wamechagua jina la kampuni fulani ya mabasi, kwa heshima ya flashi zao. Nikawasomea habari ya barua ya Posta. Wakabadilisha.

Iliishaje

Hawakumaliza Juni. Walimaliza wiki ya pili ya Julai, kwa sababu flashi moja ilipotea njiani na wimbo mzima ukaanzwa upya. Tangu siku hiyo kila kitu kinahifadhiwa sehemu mbili kabla ya kupanda basi.

Nyimbo zikawa saba badala ya nane. Wa nane waliusikiliza mara nyingi wakakubaliana kwamba si mzuri, wakauacha. Kuna uungwana katika kuacha kitu kibovu, na kwa miaka yote ya shule sijui kama nimewahi kumfundisha hilo.

Hawajawa mastaa. Nyimbo ziko mtandaoni, waliozisikiliza ni ndugu, walimu wenzake, wateja wa kibanda cha Kibondo na watu wachache wasiowajua. Fedha iliyoingia haijafika bei ya ile maikrofoni. Mwenzake baadaye alipata kazi Tabora akahama, na hakuna anayezungumzia albamu ya pili. Mdogo wake yuko mwaka wa pili chuoni. Mkataba wa mwanangu uliongezwa.

Siwezi kukuahidi kwamba kwako itaisha hivi. Kuna vijana ambao muziki ndiyo kazi yao hasa, na mzazi atalazimika kuliona hilo na kulipangia vingine. Kuna wengine chumba ni maficho ya kukwepa shule au ajira, na tarehe ya mwisho utakayoweka itakuonyesha haraka. Anayependa kitu atalalamikia tarehe kisha ataikimbiza. Anayejificha atakuwa na sababu mpya kila wiki.

Ila usikimbilie kuifungia kompyuta kabatini. Sisi nusura tufanye hivyo, na leo tungekuwa na mtoto mtu mzima anayetukwepa mezani, na nyimbo saba ambazo hakuna angezijua.

Baba yake hajawahi kusema kwamba albamu ni nzuri. Lakini ameiweka kwenye memori kadi ya redio yake ndogo, ile anayokwenda nayo shamba, na juzi wakati wa kula alimwambia kijana kwamba wimbo wa nne umezidi urefu. Kijana akamjibu, "Ni kweli, Baba. Hata sisi tuliona."

Mablanketi yangu yamerudi kabatini. Yana matundu ya misumari kwenye kona zote, na wageni wanaolala kwetu huwa wanauliza yametokana na nini.